Manmohan Desai: Lawama Zimepotea Njia, na Sifa Pia

Vitanda vitatu vimepangwa safu moja hospitalini. Kwenye kila kimoja amelala kijana: inspekta wa polisi ambaye ni Mhindu, muuza pombe ya magendo ambaye ni Mkristo, na mwimbaji wa qawwali, yaani kaswida za Kisufi, ambaye ni Mwislamu. Nyuma yao, kila mmoja na dirisha lake, unaona hekalu, kanisa na msikiti. Mirija inatoka mikononi mwao, damu inapanda juu hadi kwenye chupa moja, inachanganyika humo, kisha inashuka kwa mrija mmoja hadi kwa mwanamke kipofu aliyelala mbele yao. Wale vijana ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na yule mwanamke ndiye aliyewazaa. Wao hawajui, naye hajui. Anayejua ni mtazamaji peke yake. Mohammed Rafi anaimba kwamba haya ni kweli wala si hadithi, kwamba damu ni damu, haiwi maji. Hapo ndipo jina la filamu linapotokea kwenye skrini: Amar Akbar Anthony. Umeshakaa kitini zaidi ya dakika 20.

Daktari yeyote akikiona kipande hicho atashika kichwa. Damu haipandi yenyewe kutoka mkononi kwenda kwenye chupa iliyoning'inizwa juu, na hata ingepanda, hakuna hospitali inayochanganya damu za watu watatu na kummiminia mgonjwa papo hapo. Manmohan Desai, aliyeiongoza filamu hiyo, alilijua hilo kama unavyolijua wewe. Hakujali. Na tangu ilipotoka mwaka 1977, wapenzi wa sinema ya Kihindi wamekuwa na makambi mawili juu yake.

Kambi ya kwanza inasema Desai ndiye aliyeizoesha sinema ya Kihindi upuuzi. Mama kipofu anayeona tena kwa muujiza, mwewe anayedaka mtoto mchanga hewani, mfalme anayeikamata ndege kwa kamba akiwa juu ya farasi. Hawa hukumbusha kwamba miaka hiyohiyo Shyam Benegal alikuwa akitengeneza filamu juu ya ukabaila wa vijijini, na Mrinal Sen alikuwa ameshaonyesha kwamba filamu ya Kihindi inaweza kufanywa kwa fedha kidogo na akili nyingi. Desai, kwao, alikuwa muuza pipi mlangoni mwa shule.

Kambi ya pili ilikuja kupata nguvu baadaye, hasa baada ya vyuo vikuu kuanza kuisoma sinema ya kibiashara kwa makini. Hao wanasema huyu ndiye mwongozaji aliyeielewa India kuliko wasomi wake: aliwaweka Mhindu, Mwislamu na Mkristo kitanda kwa kitanda, akasema ni ndugu, na mamilioni wakapiga makofi. Kwao Desai ni mhubiri wa umoja aliyevaa nguo za mchekeshaji.

Nionavyo mimi, kambi zote mbili zimeshika mahali pasipo mpini. Wanaomlaumu wanamlaumu kwa jambo alilolifanya kwa ustadi kuliko yote, na wanaomsifu wanamsifu kwa imani ambayo, ukizitazama filamu zake moja baada ya nyingine, huioni.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Bombay, Mumbai ya leo, tarehe 26 Februari 1937, katika nyumba ya sinema. Baba yake, Kikubhai Desai, alimiliki studio ya Paramount ya hukohuko Bombay, si ile ya Marekani, tangu mwaka 1931 hadi 1941 na alikuwa mtayarishaji wa filamu za vituko: watu wanaruka, wanapigana, wanakimbizana. Baba alifariki Manmohan akiwa bado mtoto mdogo, na neema ikaondoka naye. Kaka yake, Subhash, ndiye aliyeingia kwenye utayarishaji katika miaka ya 1950 na kumpa mdogo wake kazi ya kwanza ya kuongoza. Filamu hiyo ilikuwa Chhalia, ya mwaka 1960, na steringi wake alikuwa Raj Kapoor, nyota mkubwa wa wakati huo. Fikiria kijana wa miaka 23 anamwelekeza Raj Kapoor wapi pa kusimama!

Alipotajirika hakuhamia kwenye vitongoji walikohamia wenzake. Alibaki Khetwadi, mtaa wa watu wa kawaida katikati ya Bombay, na wakazi wa huko wanamkumbuka akicheza kriketi ya uchochoroni na vijana wa mtaa. Jambo hili hutajwa kama kituko cha tajiri, lakini nadhani linaeleza mengi. Watazamaji aliowatengenezea filamu alikuwa akisikia maneno yao dirishani kila jioni, wakimwambia bila haya picha ipi iliwachosha na wapi.

Sasa turudi kwenye shtaka la upuuzi.

Filamu ya Amar Akbar Anthony huanza na dereva, Kishanlal, aliyekubali kufungwa jela kwa kosa la bosi wake, Robert, kwa ahadi kwamba familia yake itatunzwa. Anatoka anakuta watoto wanalala njaa na mke anaumwa kifua kikuu. Anamwendea Robert, anadhalilishwa, anampiga risasi, anakimbia na gari ambalo ndani yake mna dhahabu. Mke ameacha barua kwamba anakwenda kujiua ili asiwe mzigo. Kishanlal anawaacha watoto watatu bustanini, chini ya sanamu ya Gandhi, siku ya Uhuru, tarehe 15 Agosti. Anakimbizwa, gari linapinduka. Mke anaangukiwa na tawi la mti, anapofuka. Mtoto mmoja anaokotwa na ofisa wa polisi, wa pili na mshonaji Mwislamu, wa tatu analala kwenye ngazi za kanisa na kulelewa na padri.

Yote hayo ni utangulizi tu. Kuna waongozaji ambao mkasa huo ungewatosha filamu nzima, na wengine ungewashinda. Kwa Desai hakuna kinachoachwa bila kazi. Barua ile ya mama itarudi. Dhahabu itamfanya dereva awe tajiri na Robert awe maskini, wabadilishane viti. Upofu wa mama utahitajika ili apite karibu na wanawe asiwatambue. Kila balaa lina tarehe yake ya kurudi, na mtazamaji anazo tarehe zote mfukoni. Ndiyo maana ile damu ya chupani haimkeri mtu aliyekaa ukumbini: ameshasahau udaktari, anasubiri kuona ni lini hawa wanne watajuana.

Wanaodai mantiki husahau kwamba hadithi za namna hii zina ukoo mrefu na wa heshima. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindi, Karna anawekwa mtoni na mama yake, kisha anakuja kupigana na ndugu zake bila kujua. Nasi huku pwani tumekulia kwenye kisa cha Nabii Yusuf: watoto wa baba mmoja, mmoja anatupwa kisimani, miaka inapita, ndugu wanasimama mbele yake wasimjue, na baba aliyepofuka kwa kulia anarudishiwa macho kwa kanzu ya mwanawe. Hakuna aliyesimama darsani kuuliza kanzu inatibuje macho. Mama wa filamu ya Desai anapata macho mbele ya sanamu ya Sai Baba, mtu mtakatifu aliyeheshimiwa na Wahindu na Waislamu, nuru mbili zikitoka machoni mwa sanamu na kumwingia. Unaweza kusema kaipaka rangi kali mno, na ni kweli. Lakini kusema hajui kusimulia ni kutotazama.

Kipo na kipande kinachopendwa kuliko vyote, cha Anthony, yaani Amitabh Bachchan, akirudi chumbani kalewa na kapigwa, anajisema mbele ya kioo. Anamsuta yule wa kwenye kioo, anamhurumia, kisha anachukua plasta na kumbandika: anaibandika kwenye kioo, si usoni mwake. Amitabh amesimulia kwamba siku hiyo Desai alikuwa akipiga picha kwenye seti nyingine, akamwachia yeye na wasaidizi wakifanye wenyewe. Inaaminika kabisa, maana mwaka huo wa 1977 zilitoka filamu 4 za Desai: Chacha Bhatija, Dharam Veer, Parvarish na Amar Akbar Anthony, na zote 4 zilijaza kumbi. Kwa kambi ya kwanza huo ni ushahidi wa kiwanda. Mimi naona ushahidi wa mtu aliyejua nini lazima akisimamie mwenyewe na nini amwachie aliye bora kuliko yeye. Alikuwa na mwandishi wa mazungumzo, Kader Khan, aliyeijua lugha ya mitaa ya Bombay kama kiganja chake. Alikuwa na Laxmikant na Pyarelal kwenye muziki. Hata jina la Anthony Gonsalves halikuokotwa njiani: ni jina la Mgoa aliyemfundisha Pyarelal violini. Wanamuziki wa Goa walizijaza bendi za studio za Bombay kwa miongo bila majina yao kuandikwa popote, na hapa jina la mmoja wao likaimbwa na kila mtoto wa India. Heshima ya namna hiyo haitoki kiwandani.

Kwa hiyo, shtaka la upuuzi nalifuta. Yapo mashtaka mengine ambayo siwezi kuyafuta, na inashangaza kwamba wakosoaji hupoteza muda kwenye mwewe na kamba.

La kwanza ni wanawake. Mama wa Desai ana kazi moja, kuteseka, na Nirupa Roy aliifanya hadi uso wake ukawa alama ya machozi nchi nzima. Wasichana wana kazi mbili, kuimba na kutekwa. Katika Amar Akbar Anthony mmoja wao ni daktari, na udaktari wake hausaidii lolote zaidi ya kumweka hospitalini pale hadithi inapomhitaji. Shabana Azmi, aliyekuwa ameanza na Benegal mwaka 1974 kwa kazi iliyowastua watu, anapewa hapa nafasi finyu hadi unamwonea huruma. Kibaya zaidi ni ile hadithi ya binti mwenye kiburi anayefundishwa adabu. Iko kwenye Dharam Veer, na iko kwenye Mard ya mwaka 1985 kwa ukali unaochukiza: binti anaadhibiwa na steringi, kisha anampenda kwa sababu ya adhabu hiyo. Huwezi kuvisingizia vipande hivyo kwa zama. Waongozaji wa zama hizohizo walijua kufanya vingine.

La pili ni kujirudia. Naseeb ya mwaka 1981 inaanza na tiketi ya bahati nasibu, na steringi anajiita John Jani Janardhan, jina la dini tatu kwa mpigo. Mtu alishaona kwamba kitu fulani kiliuzika, akakikata vipande akauza tena. Wimbo wenyewe ni mtamu, sikatai, na ukumbi ule wa sherehe umejaa nyota wa sinema kama sahani ya pilau ya harusi. Lakini tayari unaanza kuona mkono wa fundi nyuma ya pazia.

Tuje kwenye sifa. Je, Desai alikuwa mhubiri wa umoja wa dini?

Wapinzani wa wazo hili wana hoja nzito, na ni vema kuisema kwa ukamilifu. Ndugu wote watatu wamezaliwa na Wahindu. Akbar ni Mwislamu kwa kuokotwa, Anthony ni Mkristo kwa kuokotwa. Asili yao ni moja, na asili hiyo ni ya walio wengi. Amar, mkubwa wao, aliyebaki Mhindu, ndiye polisi, yaani ndiye serikali. Mama yao anaitwa Bharati, jina linalotokana na jina la nchi yenyewe. Basi umoja unaosifiwa unamwambia Mwislamu na Mkristo: ninyi ni wetu kwa sababu ukichimba chini mtaonekana kuwa sisi. Huo ni ukaribisho wenye sharti.

Upande wa pili nao una jibu, na si jepesi. Siri inapofichuka hakuna anayemwambia Akbar arudi kwenye dini ya wazazi wake. Hakuna anayembadilisha jina Anthony. Filamu inaisha wote watatu wakiendelea kuwa walivyolelewa, kila mmoja na mchumba wa imani yake, na mama anawapenda hivyohivyo. Baba mshonaji hafukuzwi. Padri anauawa, na Anthony anamlilia kama baba. Sinema iliyotaka kuwarudisha watu kwenye asili isingewapa walezi heshima kubwa kiasi hicho.

Kama ningelazimika kuchagua kati ya hao wawili ningesema wa pili wana haki kidogo zaidi, kwa sababu wanatazama filamu inavyokwisha, wakati wa kwanza wanatazama mti wa ukoo. Lakini silazimiki. Ushahidi unaonishawishi umo kwenye Parvarish, filamu nyingine ya mwaka uleule.

Humo, ofisa wa polisi anamlea mtoto wa jambazi pamoja na mtoto wake wa kumzaa. Mtoto wa jambazi, Amitabh, anakuwa polisi mwadilifu. Mtoto wa polisi, Vinod Khanna, kwa kosa la kudhani kwamba yeye ndiye mwana wa jambazi, anajiunga na wafanya magendo. Maana yake ni moja tu: damu si kitu. Wema umetokana na kulelewa, na uovu umetokana na uvumi wa damu kuingia kichwani mwa kijana. Mtu huyohuyo, ndani ya mwaka mmoja, ametengeneza filamu inayoimba kwamba damu haiwi maji na nyingine inayosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zote mbili anazisimulia kwa yakini ileile, na zote mbili zinakutoa machozi unapotakiwa kulia.

Mhubiri hafanyi hivyo. Mhubiri ana neno lake, na akilipindua waumini watamuuliza. Alichokuwa nacho Desai ni hamu moja tu, watu waliotengana wakutane, na kwa ajili ya hamu hiyo angetumia hoja yoyote iliyokuwa karibu: damu leo, malezi kesho, Sai Baba mchana, kaburi la walii jioni. Dini kwake ilikuwa njia ya kuwafikisha watu kwenye kumbatio. Ndiyo maana hakuipendelea moja sana, na ndiyo maana vilevile hakuna aliyebadilika kimawazo kwa kutazama filamu yake.

Alipojaribu kuhubiri kweli, ilionekana. Desh Premee ya mwaka 1982 ina mwalimu mzalendo, ina mtaa wa maskini wenye jamii zinazogombana, ina nyimbo za kuwaambia waache chuki. Kila kitu ndani yake kinasema umoja, na hakuna anayeikumbuka kama anavyoikumbuka ile yenye chupa ya damu. Ujumbe ulikuwa umetangulia mbele ya mkasa, na mikono ya Desai haikuzoea kazi hiyo.

Kisha ikaja Coolie, na hapa mambo yanakuwa magumu kwa kila kambi, yangu ikiwemo.

Tarehe 26 Julai 1982, wakipiga picha ya ugomvi huko Bangalore, Amitabh aliruka vibaya baada ya ngumi ya mwigizaji mwenzake, Puneet Issar, akaangukia meza, akaumia ndani ya tumbo. Alihamishiwa Bombay, hali ikawa mbaya hadi madaktari wakakaribia kukata tamaa. Watu walijaa nje ya hospitali ya Breach Candy. Mahekaluni, misikitini na makanisani watu walimwombea mwigizaji. Yaani India ilifanya nje ya ukumbi kile ambacho Desai alikuwa ameionyesha ndani yake miaka mitano nyuma. Amitabh alipona, akarudi kazini mwanzoni mwa mwaka 1983.

Steringi wa Coolie ni Iqbal, Mwislamu, hamali wa stesheni ya treni, na beji yake ni namba 786, ambayo Waislamu wa Bara Hindi huihesabu kuwa Bismillahi. Katika mpango wa mwanzo alikuwa afe mwishoni. Desai alibadilisha. Iqbal anapigwa risasi, watu wa dini zote wanamwombea, na anatokea kwenye roshani ya hospitali akiwa hai, anawapungia mkono. Sisi tuliokua tukibishana kwenye mabanda ya video kwamba steringi hafi, tulikuwa tunairudia kanuni ambayo Amitabh mwenyewe alikuwa ameivunja mara kadhaa. Alikufa kwenye Deewaar na Sholay mwaka 1975, na akafa tena kwenye Muqaddar Ka Sikandar mwaka 1978. Mara hii watazamaji walikuwa wameshamzika na kumfufua kwa dua zao wenyewe, na mwongozaji akaona hana haki ya kumuua tena.

Lakini Desai hakuishia hapo. Kwenye ule ugomvi wa Bangalore, ngumi yenyewe ilipofika, aliigandisha picha na kuweka maandishi kumweleza mtazamaji: hapa ndipo alipoumia. Kambi ya kwanza inasema huo ni uchuuzi wa maumivu ya mwenzako, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Tiketi ziliuzwa. Mtu alikata roho nusu, na nusu hiyo ikawekwa kwenye skrini kama kivutio. Kambi ya pili inasema ni heshima kwa watu walioomba: wanastahili kuonyeshwa walichokuwa wakikiombea. Hapo nasita. Nikitazama kipande hicho naona mwongozaji ambaye kwa mara moja amekiri kwamba ngumi zake, ambazo kila filamu zilikuwa kichekesho, zinaweza kuua. Kisha picha inaendelea na ngumi zinarudi kuwa kichekesho. Hakukaa hapo hata dakika moja.

Kuna jambo moja zaidi juu ya Coolie ambalo wanaohesabu mti wa ukoo wangelitilia maanani. Iqbal hakuokotwa na Waislamu. Ni Mwislamu aliyezaliwa Mwislamu, mama yake Mwislamu, na adui mkubwa, aliyechezwa na Kader Khan, naye ni Mwislamu. Nchi nzima ilimlilia na kumshangilia kwa hilohilo bila kudai sharti la asili. Sinema ya leo ya Bombay, kwa bajeti zake kubwa, mara ngapi imempa hamali Mwislamu filamu nzima?

Huku Afrika Mashariki hoja hizi za damu na asili hazikutufikia kwa namna hiyo, na sioni haja ya kujifanya zilitufikia. Filamu hizi zilikuja Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa mara nyingi bila tafsiri, watu wakajifunza nyimbo bila maneno na wakafuata mkasa kwa macho. Mtu wa Mji Mkongwe, ambako msikiti, hekalu na kanisa kuu la Mtakatifu Joseph havipishani kwa hatua nyingi, na ambako Wagoa walikuwa majirani, hakuona muujiza mitaa ya Anthony na Akbar kuwa mmoja. Aliona jirani zake. Huenda ndiyo sababu hatukumpa Desai cheo cha unabii wala hatukumnyima cheo cha ufundi.

Mwisho wake kikazi haukuwa mzuri. Gangaa Jamunaa Saraswati ya mwaka 1988 ilimkutanisha tena na Amitabh, filamu yao ya 8 pamoja. Ina majina matatu, ina mamba wa kupigana naye, na ilianguka vibaya ikilinganishwa na iliyotarajiwa. Mwaka uliofuata alitayarisha Toofan, iliyoongozwa na mwanawe Ketan, nayo haikufua dafu. Husemwa kwamba video ziliua kumbi, kwamba watazamaji walibadilika. Yote yana ukweli, ila mtu ukiitazama filamu ile ya 1988 leo utaona tatizo lilikuwa ndani: balaa hazina tena tarehe za kurudi. Zinatokea, zinapita, inakuja nyingine. Ule ufundi ambao wakosoaji hawakuuona ulipokuwepo, unauona vizuri ulipotoweka.

Desai alifariki tarehe 1 Machi 1994, alipoanguka kutoka kwenye roshani, palepale mtaani kwake. Alikuwa na miaka 57 na alikuwa ameteswa na mgongo kwa muda mrefu. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo, Desemba 1992 na Januari 1993, baada ya msikiti wa Babri kubomolewa, Bombay iliwaka moto wa ghasia za kidini na watu takriban 900 waliuawa. Ni jiji lilelile lililoimba Amar Akbar Anthony. Wako wanaotumia hilo kumhukumu: tazama umoja wake ulivyokuwa wa karatasi. Naona ni hukumu ya kumbebesha mtu mzigo ambao hakuwahi kuunyanyua. Filamu haizimi ghasia, na yeye hakusema itazizima. Alisema wazi kwamba kazi yake ni kumsahaulisha mtu shida zake kwa saa chache.

Ila kuna wakati mmoja aliunyanyua, na ndio unaonifanya nisikubali kabisa kwamba hakuweza zaidi. Ni ile filamu ya kwanza, Chhalia. Shanti, aliyechezwa na Nutan, ameachwa Lahore wakati India inagawanywa mwaka 1947. Miaka mitano amehifadhiwa na Pathani, yaani Mwislamu wa kabila la Wapashtuni, Abdul Rehman, aliyemlinda kwa heshima akitumaini kwamba upande wa pili yuko mtu anayemlinda dada yake hivyohivyo. Anarudi Delhi na mtoto aliyezaa na mumewe. Mume, Kewal, anafurahi kumwona, mpaka mtoto anapotaja jina lake, Anwar, na kumtaja Abdul Rehman kuwa baba. Anamkataa mke na mtoto palepale.

Humo Kewal anajua tangu mapema kwamba mkewe yu hai na yuko wapi. Hakuna hirizi ya kufumbua fumbo, hakuna alama mwilini, hakuna chupa ya damu. Wanachosubiri Shanti na mwanawe ni mwanamume huyo akubali, na filamu inamngoja hadi usiku wa Dussehra, sikukuu ya Kihindu, sanamu ya Ravana, mfalme wa mashetani, ikiteketezwa. Ni kutengana kulekule ambako Desai angekuja kukuuza kwa miaka 25, lakini hapa kukutana kunamgharimu mtu kiburi chake. Katika filamu zilizofuata, ndugu wakishajuana wamekwisha kukubaliana. Lile swali la nini hutokea wakijuana na mmoja asitake, Desai aliliuliza mara moja akiwa na miaka 23, akalijibu vizuri, na hakulirudia.